Dondoo muhimu: Kuandika makala ya kampuni katika Wikipedia

Anza na vyanzo, si na sifa. Tafuta magazeti, vitabu na tafiti za watu wasiolipwa na kampuni hiyo. Tovuti ya kampuni yenyewe itumie kwa mambo madogo tu, kama mahali yalipo makao makuu. Taarifa ya kampuni kwa waandishi wa habari hubaki tangazo hata gazeti likiichapisha neno kwa neno, na hapa ndipo wengi hunaswa.

Futa “inayoongoza”, “bora” na “ya kuaminika”. Weka tukio na mwaka wake: “Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007” inatosha, uzito wake msomaji ataupima mwenyewe. Kesi, faini na migomo iliyoripotiwa vizuri nayo iingie, kwa kadiri vyanzo vilivyoipa nafasi. Kuificha ni kumdhulumu msomaji.

Kama kampuni inakulipa, Wikipedia inakutaka useme hivyo waziwazi. Makala yenyewe usiiguse. Pendekeza mabadiliko katika ukurasa wake wa majadiliano, kila dai na chanzo chake.