SOMO: KIPIGO CHA NYUMBANI SI SIRI YA NYUMBA



Siku ya mgao imepita. Usiku mume anataka sehemu ya unga ikauzwe. Mke anakataa kwa ajili ya watoto. Majirani wanasikia kelele, kisha kilio. Kila mmoja anafunga mlango wake na kusema, "Hayo ni ya mtu na mkewe." Asubuhi mama yule anakwenda bombani amejifunika kitenge usoni. Hakuna anayemwuliza kitu.

Somo hili linaeleza sheria inasema nini juu ya usiku kama huo, na jirani afanye nini.

1. SHERIA

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 2, unamtaka kila mkimbizi afuate sheria za nchi iliyompokea. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Kutoa mahari hakumpi mume haki hiyo.

2. MANENO TULIYOZOEA

"Wagombanao ndio wapatanao." Kugombana ni watu wawili kutoelewana. Mmoja akipiga na mwingine akiishi kwa hofu, huo ni ukatili.

"Wazee watasuluhisha." Wazee, kama bashingantahe kwa Warundi, wana kazi kubwa ya kupatanisha watu. Lakini mwenye jeraha apelekwe hospitali kwanza. Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wala faini. Na mke asirudishwe kwa lazima ili shauri lionekane limekwisha.

"Akiondoka atakula nini?" Hili ni swali la kweli, maana mara nyingi chakula cha familia nzima kiko kwenye kadi moja. Aeleze shida yake kwa ofisi ya UNHCR au ya huduma za jamii, na aombe kadi itenganishwe. Asivumilie kipigo kwa kuogopa njaa kabla hajauliza.

3. AKIJA KWAKO USIKU

- Mkaribishe. Mwulize kama ameumia na kama watoto wako salama.
- Msikilize. Usimwulize, "Ulimkosea nini?"
- Usimwite mume aje kumchukua.
- Akiwa na jeraha, msindikize hospitali. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa aliyeumizwa. Hali ikiwa mbaya, tibiwa kwanza, fomu itafuata.
- Akiwa amebakwa, asingoje. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Nguo alizovaa asizifue. Azitie katika mfuko wa karatasi au kitambaa.
- Uamuzi wa kushtaki ni wake. Habari zake usizipeleke bombani.
- Akiamua kuondoka, asiende peke yake. Huo ndio wakati ambao hatari huongezeka.

4. KWA WANAUME

Wengi husema, "Hasira ilinishika." Lakini mtu huyo huyo, akikasirishwa na askari au mgawaji wa chakula, hampigi. Basi kujizuia anaweza. Maisha ya kambini ni magumu, na mke naye anaishi maisha hayo hayo. Ukiona mkono unataka kuinuka, toka nje, nenda kwa rafiki, rudi umetulia. Na ukisikia mwenzako anajisifu kwa kumpiga mkewe, usicheke. Mwambie ni makosa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, mwanamke aliyepigwa usiku anaweza kubisha hodi wapi?
2. Nani ataamka kumsindikiza?
3. Watoto wanaoona mama akipigwa wanajifunza nini?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msomee jirani asiyejua kusoma somo hili.