Jiwe Jeusi la Ileje Lina Gesi?

SWALI: Mtaalamu, nilitoka Ileje na jiwe jeusi linalobanduka tabaka kwa tabaka. Laweza kuwa na gesi? Ninyi huonaje ndani yake? – Msomaji, Chapwa, Tunduma

JIBU: Ndugu yangu, miamba ya Karoo ya Songwe–Kiwira ina makaa ya mawe, na katikati ya makaa hulala matope ya kale yaliyoshindiliwa yakawa mwamba. Huenda jiwe lako ni la jamii hiyo.

Gesi, kama ipo, hukaa katika vitundu vya jiwe, na vingi ni vya nanomita chache hadi mia kadhaa. Unywele una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Hadubini ya mwanga hukwama karibu na nanomita 200, ndiyo maana tunatumia ya elektroni. Kwanza uso wa jiwe husuguliwa kwa ioni za agoni, kwani msasa huchimba mashimo ya uongo. Kisha elektroni hurushwa. Pairiti, yenye chuma, hung'aa. Kwatzi na mfinyanzi huwa kijivu. Mabaki ya mimea huwa meusi, na vitundu vyeusi zaidi. Eksirei zinazotoka hutaja elementi zilizomo.

Mimi hutazama hasa vitundu vilivyo ndani ya mabaki ya mimea, maana humo gesi huzaliwa na kukaa. Lakini picha huonyesha chembe ndogo mno ya mlima, na vitundu visivyoungana havitoi gesi. Hata gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, imo kwenye mchangamawe, si kwenye mwamba wa matope kama huo. Lipeleke jiwe kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma, ukiandika mahali ulipoliokota.