SOMO LA ROBO HII: Sauti Inapokwama Kwenye Ukuta wa Chuo



Mwanafunzi anayesomeshwa na usharika anapotakiwa kutoa taarifa yake kwa sauti akiwa chuoni, wakati mwingine hutokea hivi: jina lake linaonekana kwenye kikao, ujumbe wake wa maandishi unafika, lakini sauti haitoki au inakatika-katika. Kamati huharakisha kumnunulia kompyuta mpya au bando kubwa zaidi. Lengo la somo hili ni kutusaidia kutambua chanzo kabla ya kugusa mfuko wa elimu, kwani huenda kinachohitajika ni barua moja tu.

1. Ukuta unafanya nini?

Vyuo vingi vina ukuta-moto, yaani kifaa au programu inayokagua kila kinachoingia na kutoka katika mtandao wa chuo. Huduma za intaneti hupitia milango yenye namba. Tovuti za kawaida hutumia mlango wa 80 na wa 443. Chuo chenye ukuta mkali huacha hiyo miwili na kufunga mingi iliyobaki, ili kuzuia virusi na upakuaji unaowamalizia wengine mtandao. Sababu hiyo ni ya haki, wala msimamizi wa mtandao si adui yetu.

2. Kwa nini sauti ndiyo inayoumia?

Data husafiri kwa taratibu kuu mbili. TCP huhakikisha kila kipande kimefika. Kimoja kikipotea hutumwa tena, na vilivyo nyuma yake husubiri. Kwa maandishi hilo ni jema. UDP hutuma na kuendelea bila kusubiri. Mazungumzo hupendelea UDP, kwa kuwa neno lililochelewa huvuruga maongezi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Ukuta ukifunga UDP, programu nyingi hujaribu kupitia TCP kwenye mlango wa 443. Hapo sauti huweza kuchelewa na kukatika. Ukuta ukikagua na mlango huo pia, sauti huweza kupotea kabisa.

Tukumbuke pia kwamba sauti peke yake hailli mtandao mwingi. Kwa Zoom, ni kilobiti 60 hadi 80 tu kwa sekunde. Hivyo kuongeza kasi hakufungui mlango uliofungwa.

3. Hatua za kupima

(a) Mwanafunzi aunganishe kompyuta ileile na intaneti ya simu yake, kisha apige tena. Sauti ikitoka vizuri, kompyuta na programu ni nzima. Tatizo liko kwenye mtandao wa chuo.

(b) Arudi kwenye mtandao wa chuo na kujaribu alfajiri, kisha mchana. Alfajiri ikiwa nzuri na mchana mbaya, tatizo ni msongamano. Ikishindikana saa zote, tuushuku ukuta, maana ukuta haulali.

(c) Azime kamera, kisha afungue kikao kwa kivinjari badala ya programu. Pengine hilo pekee litatosha.

4. Barua kwa msimamizi wa mtandao

Barua inayosema "mtandao haufanyi kazi" haimsaidii fundi. Itaje programu, milango, siku na saa za vikao, na sababu. Milango ya kuombea ni hii:

- Zoom: UDP 3478, 3479, na 8801 hadi 8810
- Google Meet: UDP 3478
- Microsoft Teams: UDP 3478 hadi 3481
- Jitsi Meet: UDP 10000

Tuombe njia ya kutoka ndani kwenda nje tu. Ukuta hutambua majibu ya mawasiliano yaliyoanzia ndani na kuyaruhusu kurudi, kwa hiyo hakuna haja ya kumfungulia mgeni mlango. Ombi la namna hii ni rahisi zaidi kukubaliwa.

5. Tahadhari

Wapo wanaowashauri wanafunzi kutumia VPN ili kuukwepa ukuta. Tusiwashauri hivyo. Kanuni za chuo zikikataza, anayeadhibiwa ni mwanafunzi, naye anaweza kupoteza haki ya kutumia mtandao anaosomea. Tena VPN ya bure hupitisha mawasiliano yake yote kwenye mitambo ya watu tusiowajua. Barua ikikataliwa, vikao vifanyike kwa simu ya kawaida, au mwanafunzi apewe bando dogo la siku ya kikao.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, katika bajeti yetu kuna kifaa au bando lililonunuliwa kabla ya tatizo kupimwa?
2. Nani kati yetu atamsaidia mwanafunzi kufanya vipimo (a) hadi (c)?
3. Barua itasainiwa na nani, na itapelekwa lini?