Gari la Kifahari Lililokwisha Tumika: Kwa Nini Hununuliwa Rahisi na Kutunzwa Ghali

Asubuhi moja mjini Morogoro, mwalimu mkuu mstaafu ambaye ni jirani yangu wa siku nyingi alitoka nje akakuta gari lake limeinamisha pua hadi karibu na ardhi, mfano wa ng'ombe anayeanza kulala: magoti ya mbele chini, kiuno bado juu. Lilikuwa ni Mercedes-Benz ya daraja la S, ya umbo lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005, naye alikuwa amelinunua kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Bei aliyolipa ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo kijana wa mtaa wa pili alilipia gari dogo la Kijapani lenye umri wa miaka michache tu. Fundi aliitwa. Akafungua boneti, akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Mzee, kompresa imekufa." Kompresa nyingine ikaagizwa, ikafungwa, na gari likasimama. Baada ya miezi minne likapiga magoti tena, na kompresa mpya nayo ilikuwa imeungua.

Katika makala haya tutajaribu kueleza kilichotokea. Mwalimu wa fizikia atakuta humu kanuni ya Boyle ikifanya kazi nje ya kitabu. Mwalimu wa kemia atakuta mpira na ozoni. Na wa hesabu atapata mfano wa mfululizo wa kijiometri ambao wanafunzi hawatausahau upesi, kwa sababu unahusu fedha.

Hesabu ya bei

Tuanze na fedha. Tuchukulie kwamba gari jipya lina bei ya vipimo 100, na kwamba kila mwaka linapoteza sehemu moja ya tano ya thamani iliyobaki. Mwisho wa mwaka wa kwanza thamani yake ni 80, wa pili 64, wa tatu 51 na kidogo. Ukiendelea kuzidisha kwa 0.8 hadi mwaka wa kumi, utapata 10.7. Yaani kitu kilichouzwa kwa vipimo 100 sasa chaweza kununuliwa kwa chini ya 11. Hapo ndipo macho ya mnunuzi hung'aa.

Lakini vipuri havifuati mfululizo huo. Tuchukulie tena kwamba springi moja ya gari hilo huuzwa kwa vipimo 1.2. Mwenye gari jipya akiharibikiwa na springi moja, gharama yake ni asilimia 1.2 ya bei ya gari, nayo haimkoseshi usingizi. Mwenye gari la miaka kumi hulipa 1.2 ile ile, ambayo kwake ni zaidi ya asilimia 11 ya bei aliyonunulia. Zikiharibika zote nne, atakuwa ametoa karibu nusu ya thamani ya gari zima kabla hajagusa injini. Bei ya kununua huonyesha umri wa gari. Bei ya kutunza huonyesha daraja ambalo gari lilizaliwa nalo. Wengi wa walioumia waliziona bei hizi mbili kuwa ni moja.

Msomaji huenda akauliza kwa nini thamani huporomoka hivyo hata katika nchi zenye barabara nzuri. Mfano wa Japani unatosha. Huko gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Kila tarehe ya ukaguzi inapokaribia, mwenye gari hujiuliza kama si afadhali aliuze. Kwa kuwa Japani, kama Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kushoto, magari hayo hayahitaji kuhamishwa usukani, na meli huyaleta hadi Mombasa na Dar es Salaam. Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania huyakubali ya umri mkubwa zaidi, ila huyatoza kodi ya ziada kwa sababu ya umri. Hivyo heshima iliyowapa wenye Mercedes wa miaka ya 1960 jina la Wabenzi siku hizi yaweza kununuliwa na mwalimu mstaafu. Jina hilo halikuwa la sifa, lakini hilo ni somo la siasa.

Hewa inayobeba gari

Gari la kawaida hubebwa na springi za chuma. Gari la jirani yangu lilibebwa na hewa. Penye kila gurudumu pana kifuko cha mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, na hewa iliyoshindiliwa ndani yake ndiyo inayoshikilia uzito. Fikra hii si ngeni. Mnamo 1955 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilionyesha mjini Paris gari la DS, lililobebwa na gesi ya naitrojeni ndani ya tufe za chuma, ikisukumwa na mafuta. Mercedes-Benz 600 ya mwaka 1963, ambayo wakuu wengi wa nchi walipanda, ilikuwa nayo na springi za hewa.

Je, ni hewa ya nguvu kiasi gani? Tuchukulie kwamba gurudumu moja la mbele hubeba uzito wa niutoni 4,000, na kwamba eneo ambalo hewa husukuma ni sentimita 64 za mraba, yaani mita za mraba 0.0064. Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo, nayo hapa ni paskali 625,000, kiasi cha mara sita ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Tukijumlisha na hewa hiyo ya nje yenyewe, kanieneo kamili ndani ya kifuko ni kiasi cha mara saba.

Faida yake ni hii. Springi ya chuma ina ugumu wake usiobadilika. Wakipanda abiria wanne, gari hushuka, na mwendo wake wa kupanda na kushuka barabarani hubadilika. Kwenye springi ya hewa, vipimio huhisi kwamba gari limeshuka, kompresa huongeza hewa, na gari hurudi kwenye kimo chake. Kwa kuwa kanieneo imeongezeka, ugumu nao umeongezeka, karibu sawasawa na mzigo. Kwa hiyo gari huyumba kwa utulivu ule ule likiwa tupu au limejaa. Aliyewahi kupanda gari la namna hiyo katika barabara yenye mashimo hahitaji kushawishiwa.

Sasa tuangalie ugonjwa. Tuseme mpira umepata ufa mwembamba. Mwanafunzi mwepesi wa kujibu atasema kwamba hewa ikitoka, kanieneo hupungua. Hapana. Maadamu uzito wa gari ni ule ule na eneo ni lile lile, kanieneo nayo haina budi kubaki ile ile. Kinachopungua ni ujazo, na kwa hiyo kimo cha gari. Likivuja usiku kucha, kifuko husinyaa hadi gari likae juu ya vizuizi vya mpira vilivyomo ndani, na baada ya hapo tu ndipo kanieneo huanza kushuka.

Tufanye hesabu. Tuseme kifuko kimepoteza lita moja ya hewa iliyoshindiliwa kwa saa 8 za usiku. Kwa kanuni ya Boyle, lita hiyo ikitoka nje yenye kanieneo moja ya saba, hujaza kiasi cha lita 7, yaani sentimita za ujazo 7,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: ni kiasi cha sentimita za ujazo 15 kwa dakika, ujazo wa kijiko kimoja cha mezani. Uvujaji mdogo namna hiyo hausikiki kwa sikio, hasa gerejini ambako redio haizimwi. Hata hivyo unatosha kulaza gari.

Na kompresa je? Hiyo ni pampu ndogo iliyotengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Aliyewahi kutia upepo baiskeli anajua kwamba bomba hupata moto, kwa sababu kazi inayofanywa juu ya hewa hugeuka kuwa joto. Springi ikivuja, kompresa hulazimika kufanya kazi muda mrefu kila asubuhi na tena mara kwa mara safarini. Pete za pistoni yake huchakaa, dawa kavu inayonyonya unyevu wa hewa hushiba maji, na mwisho mota huungua. Kompresa ya jirani yangu haikufa kwa ugonjwa wake. Iliuawa na springi, na fundi akazika maiti bila kumtafuta muuaji. Ya pili ilipelekwa mahali pale pale kukutana na muuaji yule yule.

Safari ya tatu hatukumwita mtu. Tulitia sabuni ya unga katika ndoo, tukawasha injini ili hewa iliyobaki ijaze vifuko, na mjukuu wake wa kidato cha pili akapaka povu kwa brashi kwenye mkunjo wa mpira. Upande wa kulia palikuwa kimya. Upande wa kushoto mapovu madogo yalianza kujipanga mstari mmoja kama shanga.

Mpira huzeeka hata usipotumika

Mnunuzi hupenda kuuliza gari limetembea kilomita ngapi. Ni swali zuri kwa pistoni na giaboksi. Kwa mpira swali zuri zaidi ni miaka mingapi. Molekuli ndefu za mpira wa asili zina vifungo maradufu kati ya atomu za kaboni, na gesi ya ozoni, hata ikiwa chache sana hewani, hushambulia vifungo hivyo na kukata molekuli. Mpira ulionyooshwa ndio unaoathirika zaidi, na nyufa hutokea kukingama na mwelekeo wa kunyooshwa. Ndiyo sababu springi ya hewa hupasuka penye mkunjo. Joto nalo huharakisha uzee wa mpira. Kwa makadirio yanayotumika sana, mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka kasi mara mbili kila halijoto inapopanda kwa digrii 10 za Sentigredi. Basi kitu kinachokaa kwenye digrii 60 chini ya boneti huzeeka kiasi cha mara nane ya kilicho kwenye digrii 30. Gari la miaka kumi lililotembea kidogo halina mpira mpya. Lina mpira wa miaka kumi.

Mafuta ya breki

Springi iliyovuja hukufedhehesha mbele ya majirani. Mafuta ya breki yaliyozeeka huua, na hapa sitapita haraka.

Mafuta mengi ya breki hunyonya unyevu wa hewa kupitia kwenye mipira na kopo lake. Kipimo cha DOT 4 hutaka mafuta mapya yasichemke chini ya digrii 230. Yakisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho hutaka digrii 155 tu. Sasa chukua gari la kifahari, ambalo kwa kawaida ni zito, lenye kilo 2,000 pamoja na abiria, likiteremka mlima kama Kitonga katika barabara kuu ya Iringa. Likishuka mita 400 za wima, nishati ya mkao inayopotea ni 2,000 × 10 × 400, yaani jouli milioni 8. Iwapo dereva ametumia breki peke yake, na diski nne zina jumla ya kilo 40 za chuma, joto hilo lingetosha kuzipandisha halijoto kwa zaidi ya digrii 400 kama upepo usingezipoza. Sehemu ya joto hilo hufika kwenye mafuta. Yakichemka, mvuke hutokea ndani ya bomba, na mvuke, tofauti na mafuta, hushindilika. Dereva hukanyaga breki, nayo huzama hadi sakafuni bila kusukuma kitu.

Basi mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama gari halikutembea, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo. Kati ya matengenezo yote ya gari la namna hii, hili ni la bei ndogo mno, nalo ndilo linaloahirishwa mno.

Maji ya rejeta yataka neno moja. Kifuniko kinachoongeza kanieneo sawa na ya hewa ya kawaida huyapandisha maji hadi digrii 120 kabla ya kuchemka. Mpira wa kifuniko ukichoka, faida hiyo hupotea, na mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,700, maji huchemka kwenye digrii kama 94 au 95. Tena maji ya bomba huacha chokaa, na bila dawa ya kuzuia kutu hula alumini.

Jirani yangu alibadilisha springi ya kushoto na kompresa. Wapo waliomshauri afunge springi za chuma. Sioni aibu katika hilo, mradi mtu ajue kwamba anauza ile starehe aliyoinunulia gari, na kwamba kompyuta ya gari italalamika. Na anayekusudia kununua, aegeshe gari mahali tambarare jioni, apime kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa kila gurudumu, kisha apime tena asubuhi kabla ya kuwasha. Muuzaji akikataa gari lisilale kwa kupimwa, hilo nalo ni jibu.

Jaribio la darasani

Chukua vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli vyenye urefu sawa. Kimoja kinyooshwe na kupigiliwa misumari juu ya ubao, kingine kiachwe kimelegea kando yake. Ubao uwekwe nje, mahali penye jua na hewa, kwa majuma kadhaa. Kila Ijumaa wanafunzi wavikague vyote viwili kwa kioo cha kukuzia, waandike ni juma la ngapi ufa wa kwanza ulipoonekana, ulikuwa kwenye kipande gani, na ulikingama au ulifuata mwelekeo wa kunyooshwa.