Maji ya Kunywa na Mazungumzo ya Majirani

Liko kosa la zamani ambalo yafaa tulitaje wazi: kudhani kwamba maji yang'aayo ndiyo maji salama. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara damu havionekani kwa macho, wala havina ladha wala harufu. Mama aweza kuchota maji meupe pe, akampa mwanawe kwa upendo wote, kumbe kikombeni mna ugonjwa wa kumwua.

Elimu hii si ngeni vijijini. Bwana afya huja, husimama chini ya mwembe, husema saa nzima, hupigiwa makofi, kisha hupanda pikipiki yake akaenda zake. Kesho yake ndoo zashuka kisimani kama jana. Tusiharakishe kuwaita watu wakaidi. Walisemeshwa tu, hawakuulizwa neno. Nasi wa mimbarini tukiri kwamba tumezoea desturi iyo hiyo.

Mwaka 1973 Tanzania ilijaribu njia nyingine. Katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa muda wa majuma 12. Walisikiliza kipindi redioni; mmoja ajuaye kusoma akawasomea kijitabu kwa sauti; kisha wakaulizana: Je, jambo hili liko hapa kwetu? Tufanyeje? Ndipo walipokata shauri la kazi, na kazi ikaanza. Walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kifua kikuu na kuhara. Madimbwi yakafukiwa, vyoo vingi vikachimbwa. Mtu aliyekubali mbele ya jirani zake kwamba atachimba choo huona haya kuonekana Jumapili bila shimo.

Sisi tunazo jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya shabaha ya mkutano wao wa mwaka 1976. Zakutana nyumbani kwa watu kila juma. Viti vipo, mazoea yapo. Jirani Mwislamu atumiaye kisima kile kile naye aalikwe, maana kisima hakiulizi dini.

Yako mengi ya kuzungumza, lakini twashauri waanze na mtungi wa ndani. Watu wengi huchemsha maji kwa bidii, wakamaliza kuni, kisha wakayaharibu wenyewe. Mtoto atoka kucheza, achovya kikombe pamoja na vidole vyake, na kazi yote ya moto yapotea. Maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yatosha (milimani sana, dakika 3). Yapoe yakiwa yamefunikwa, yatiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba. Kama chombo ni mtungi, iwepo kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, wala mtu asiinywee.

Asiye na kuni aweza kutumia jua. Achukue chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, aijaze maji yasiyo na tope, ailaze juani kwa muda wa saa 6 kamili. Mawingu yakizidi, siku 2. Na mikono ioshwe kwa sabuni, au majivu ikikosekana, baada ya choo na kabla ya chakula. Hayo kila mtu ameyasikia. Kikundi kiulize kama karibu na choo cha kila mmoja yapo maji ya kunawia.

Kabla ya kuagana jioni ya kwanza, jumuiya yote na itoke nje kwa miguu hadi kisimani. Mtu mzima mmoja ahesabu hatua kutoka hapo hadi choo kilicho karibu zaidi, akitazama pia kama choo hicho kiko upande wa juu wa mteremko. Yatakiwa mita 30 au zaidi, yaani hatua zisizopungua 40. Zisipofika, mazungumzo ya juma lijalo yamekwisha kupatikana.