Dondoo muhimu: Kufufua Land Rover ya zamani

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, bado ina kazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Aliye nayo uani pale Majengo, Moshi, au anayetaka kuinunua, azingatie haya kabla fundi hajashika spana.

• Anza na chasisi, si rangi. Bodi ni ya alumini. Chasisi ni chuma na huoza kwa ndani. Igonge kwa nyundo ndogo, hasa nyuma: pakilia butu au pakibonyea, pameliwa.

• Kabla ya kununua, linganisha namba iliyopigwa kwenye chasisi, mbele kulia karibu na springi, na ya kwenye kadi ya gari.

• Piga picha kila waya kabla ya kuung'oa.

• Nenda dukani na spea mbovu mkononi. Gia boksi ya Series III si ya Series IIA, hata zikifanana kwa nje.

• Usitupe kabureta ya asili. Mara nyingi inahitaji kusafishwa na gasketi mpya tu.

• Breki zitangulie injini: badilisha paipu zote za mpira, hata zinazoonekana nzima, kabla ya kuteremka nayo kutoka Marangu.