Degedege na Hofu ya Sindano

SWALI: Mama mkwe wangu hushikilia kwamba mtoto aliyeshikwa na degedege hufa akichomwa sindano. Je, ni kweli?

JIBU: Bibi mpendwa, itikadi hii ni ya zamani huku mwambao, na mama mkwe wako hasemi uwongo juu ya aliyoyaona kwa macho yake, sababu tu ndiyo iliyogeuzwa. Mtoto huingiwa na homa, akakakamaa, macho yakapinda, na jamaa zake, kwa kuamini kwamba amepitiwa na ndege au shetani, humfukiza moshi wa mavi ya ndovu na kumpeleka kwanza kwa mganga. Na muda huo malaria, ambayo mara nyingi ndiyo asili ya maradhi hayo, inazidi kupanda kichwani, hata afikishwapo hospitali roho i kooni, na sindano, kwa kuwa ndilo jambo la mwisho lililotendwa kabla ya mauti, ndiyo ibebayo lawama. Hivyo hofu hujizalia ushahidi wake yenyewe.

Matabibu nao wana sehemu yao, nami nasema hivi kwa uchungu: mama akikaripiwa mbele ya kadamnasi kwa ajili ya hirizi iliyo shingoni mwa mwanawe, safari ijayo hatarudi.

Basi usibishane na mama mkwe. Mwombe kwa adabu mfuatane. Mlazeni mtoto ubavu, msimtie kitu chochote kinywani, na mpelekeni hospitali saa ile ile.